Dawa Isiyo na Jina

Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na mazungumzo ya mirathi, na barua za akina mama juu ya fungu la mke zimetufikia kwa wingi. Tunaomba radhi. Mirathi tutairudia inshallah. Wiki hii kuna jambo ambalo tumelibeba kifuani tangu Ramadhani, na kila tulipotaka kuliandika tuliona haya, kwa sababu sehemu ya kosa ni yetu.

Ramadhani hiyo tulialikwa Nakuru kusomesha darsa za baada ya Laasiri katika msikiti mmoja wa upande wa Bondeni. Tulifikia kwa dada yetu mkubwa, aliyeolewa huko yapata miaka thelathini na mitano sasa na mtu wa reli, Mungu amrehemu, akabaki na watoto wake na baridi ya huko, ingawa lafudhi ya Mvita haijamtoka. Dada yetu ana shinikizo la damu, ambalo sote twaliita presha, na humeza kidonge kimoja kila siku. Akiwa amefunga hukimeza wakati wa daku.

Usiku mmoja tulipokuwa tukitoka tarawehe alitupigia simu. Vidonge vimemwishia. "Ndugu yangu, pitia hapo kwenye kemisti ya barabarani, waambie vidonge vya presha, vile vidogo vyeupe. Wananijua." Kemisti, kwa wasomaji wetu wa Mombasa na Lamu waliozoea kusema duka la dawa, ndilo neno la kule. Tukapita. Nyuma ya kaunta alikuwapo kijana mmoja wa miaka ishirini hivi, akatuamkia kwa adabu na kutuita Sheikh. Tukamweleza kama tulivyotumwa. Alifungua mkebe mkubwa, akahesabu vidonge thelathini, akavitia katika bahasha ndogo, akaandika juu yake 1×1, tukalipa, tukaondoka. Shughuli yote haikuchukua dakika tatu. Hakutuuliza jina la dawa wala hakutaka cheti cha daktari, na sisi hatukumwuliza anatupa nini. Nadhani aliona kumhoji sheikh ni utovu wa adabu. Na sisi, tuseme ukweli, ule wepesi ulitupendeza.

Dada yetu alikimeza kidonge kwenye daku. Kabla ya Adhuhuri mikono ilianza kumtetemeka, jasho jembamba likamtoka ingawa siku ilikuwa ya baridi, kisha akaanza kusema maneno yasiyounganika. Mmoja wetu alisema ni saumu tu, umri umekwenda. Mwengine, hatutamtaja, alianza kusoma visomo vya kufukuza jini. Aliyetuokoa ni binti wa jirani anayesomea uuguzi. Aliingia, akamshika mkono, akauliza dada amemeza nini, akaagiza sukari iyeyushwe kwa maji. Mtu akasema, "Lakini amefunga." Tulimjibu kwamba saumu hulipwa, na sukari ikaletwa.

Hospitalini walimchoma kidole, wakakuta sukari ya damu imeshuka mno. Wakamtundikia dripu na kumlaza siku mbili, kwa kuwa, walivyotueleza, dawa ya aina ile hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena mgonjwa akiisha kuonekana mzima. Mfamasia wa hospitali akaomba aione bahasha. Aliviangalia vidonge vile, akavigeuza, akavilinganisha na vya kwake, akasema kwa sauti ya chini kwamba hivi si vya presha, ni vya kushusha sukari. Dada yetu hana kisukari. Alikuwa amemeza dawa ya kisukari na kushinda bila kula.

Alipona, alhamdulillahi. Lakini ile bahasha tunayo mpaka leo, na kila tukiitazama tunaona kwamba haina jina la dawa, haina jina la mgonjwa, haina tarehe, haina jina la duka. Ina 1×1 tu. Mkebe wa vidonge vya presha na mkebe wa vidonge vya sukari hukaa rafu moja, na vidonge vyenyewe vikiisha kumwagwa kwenye karatasi hufanana kama punje za mchele. Kijana yule hakuwa mwovu. Alinyosha mkono akashika mkebe wa jirani.

Tuliporudi dukani mchana, tulitazama ukutani. Palikuwa na leseni katika fremu ya kioo, safi kabisa. Kenya ina sheria ya famasia na sumu tangu mwaka 1957, ile Sura ya 244, na Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosajili wafamasia na wateknolojia wa famasia na kutoa leseni kwa maduka yenyewe. Sheria inataka duka liwe chini ya mtu aliyesoma na kusajiliwa kwa kazi hiyo, tena awepo. Jina katika fremu lilikuwa la mfamasia wa kweli. Tulipouliza yuko wapi, kijana akasema yuko mji mwengine na huja "siku za ukaguzi". Yeye mwenyewe ni mpwa wa mwenye duka. Alimaliza kidato cha nne, akafundishwa dawa kwa kuangalia.

Mtume, rehma na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Muuzaji alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuyaweka mabichi juu ili watu wayaone. Kisa hiki tumekisomesha mara nyingi tukizungumzia maziwa yaliyotiwa maji na mizani iliyopinda. Hatukuwahi kukisomesha tukizungumzia cheti cha mtu asiyekuwapo kilichotundikwa juu ya kichwa cha mtu asiyesoma, na sasa twaona kwamba lundo la nafaka ni lile lile. Wanavyuoni wetu wa fiqhi waliwahi pia kulisemea jambo la pili: katika Abu Daud imepokewa kwa maana kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo ndiye mdhamini wa madhara yatakayotokea. Na vitabu vya hisba, kama kile cha Al-Shayzari wa Sham wa karne ya 12, vina milango mizima juu ya wapika sharubati za tiba na wauza dawa, jinsi msimamizi wa soko anavyotakiwa kuwakagua. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kumwuliza muuza dawa maswali ni uzungu, hajui tulikotoka.

Tulizungumza na mwenye duka. Ni mtu wa jamaa, tunasali safu moja. Hakukataa kosa, alilia. Kisha akatupa hesabu yake. Wateja wake ni vibarua, mama mboga, na walinzi wa usiku. Mtu huja na shilingi hamsini, ana kikohozi, na anataka kuondoka na kitu. Ukimwambia nenda hospitali, atavuka barabara aingie duka la pili, na la pili litampa. Kumlipa mfamasia akae kutwa nzima, na hasa saa za usiku ambapo watu hutoka kazini, duka dogo haliwezi. Hivyo hulipa kiasi kidogo kila mwezi ili jina litundikwe. "Sheikh," akasema, "nikifuata sheria yote nitafunga, nikifunga, hawa watakwenda wapi saa nne za usiku?"

Sisi tulilainika. Tulimwahidi mwezi mmoja ajirekebishe. Tulipomsimulia dada yetu, yungali kitandani, alitutazama kwa muda, akasema: "Ndugu yangu, mwezi mmoja una wagonjwa wangapi?" Hatukuwa na jibu. Mfamasia wa hospitali alikwisha kutueleza kwamba Bodi hupokea taarifa hata kutoka kwa raia wa kawaida. Kuna fomu ya manjano kwa madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa na fomu ya waridi kwa dawa inayotiliwa shaka ubora wake, na kosa la kutoa dawa siyo nalo huripotiwa. Tulimtanguliza mwenye duka kwa simu ili asije akasikia kwa watu, kisha tukaandika.

Duka lilifungwa. Na hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu, kwa sababu majirani hawakumshukuru dada yetu. Walimlaumu. Mama mmoja ambaye mtoto wake alibanwa na pumu usiku alilazimika kwenda kwa bodaboda hadi katikati ya mji kutafuta pampu yake. Akamwambia dada yetu mlangoni, mbele ya watoto, "Umepona wewe, sisi umetufungia."

Mama huyu ana haki ya kusikilizwa. Misako ya maduka ya dawa yasiyo halali hufanyika mara kwa mara katika Bonde la Ufa, watu hukamatwa na milango hutiwa kufuli, na twasema ni wajibu. Mwenye kuuza sumu kwa jina la dawa hana hoja. Walakini kufuli peke yake haimpatii mtu dawa. Ndugu zetu wa Tanzania walikuwa na tatizo hili hili. Walikuwa na maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa za kawaida tu, nayo yakawa yanauza kila kitu chini ya kaunta kwa sababu vijijini hapakuwa na pengine pa kununua. Mwaka 2003 mamlaka yao ya chakula na dawa, ikishirikiana na shirika la Kimarekani la Management Sciences for Health, ilianza jaribio mkoani Ruvuma. Badala ya kuyafunga tu, waliwafundisha wauzaji kwa wiki kadhaa, wakawafundisha na wenye maduka, wakataka jengo liwe la namna maalumu, wakaweka ukaguzi wa karibu, na kwa upande wa pili wakawaruhusu kisheria kuuza dawa kadhaa za lazima ambazo awali zilikuwa haramu kwao. Yaliitwa maduka ya dawa muhimu. Yalienea nchi nzima hata yakafika maelfu, na Uganda ikayaiga kuanzia wilaya ya Kibaale. Haikumaliza mambo yote. Viuavijasumu bado hutolewa huko pasipo kuhitajika kwa mafua yasiyoyahitaji, na anayefundishwa leo huhama kesho. Lakini waliuliza swali la yule mama wa pumu: baada ya kufunga, watu wakanunue wapi? Twatamani gatuzi zetu, Nakuru na za pwani kwa pamoja, ziulize swali hilo kwa sauti. Mteknolojia mmoja wa famasia aweza kulipwa kwa pamoja na maduka mawili ya mtaa mmoja yakipangiana zamu za usiku. Hilo ni wazo letu, na wenye ujuzi watalipima.

Tumetaja viuavijasumu, yaani antibiotiki, na hatuwezi kuvipita. Katika zile siku mbili za hospitali tulikaa na yule mfamasia baada ya futari, naye akatufungua macho. Alisema wateja hawaji na ugonjwa, huja na jina: "Nipe Septrin." "Nipe Flagyl." "Nipe zile za rangi mbili." Na huja na pesa za nusu dozi. Mtu anameza siku mbili, anapata nafuu, vilivyobaki anaweka kabatini kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Vijidudu vilivyosalia ndivyo vilivyokuwa vikaidi zaidi, na hivyo ndivyo vinavyozaliana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi yaliyoshinda dawa, na eneo letu la Afrika kusini mwa Sahara liliumia kuliko mengine. Akina mama, mtoto wa mafua mepesi, mwenye makamasi na kikohozi bila homa kali wala kuhema kwa shida, aghalabu ana virusi, na kiuavijasumu hakivigusi virusi. Anayehema haraka, anayevuta mbavu ndani, asiyeweza kunyonya au kunywa, huyo si wa dukani kabisa. Ni wa hospitali, na ni sasa hivi.

Huko Nakuru kuna mlango wa pili wa dawa hizi ambao sisi watu wa pwani hatuufikirii. Ukienda Njoro, Molo au Subukia, kila kituo cha matatu kina agroveti, duka la dawa za mifugo na mbegu. Dada yetu mwenyewe anafuga kuku uani. Akiona kuku mmoja amejikunyata, humtuma mtoto akanunue unga wa tetrasaiklini na kuutia katika maji ya kuku wote, wazima na wagonjwa. Tulimwuliza mayai ya wiki hiyo huyafanyaje. Akacheka: "Twala, na mengine nauza." Pakiti ya dawa ya mifugo huandikwa siku ambazo maziwa, mayai na nyama havitakiwi kutumiwa baada ya dozi. Maandishi ni madogo, ni kweli, lakini yapo. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya kiwele jana, maziwa yake ya leo si ya chai ya mtoto. Na kumuuzia mtu maziwa hayo kwa kunyamaza, turudi kwenye lile lundo la nafaka.

Jambo jengine ni la homa, na hapa lawama ni yetu watu wa pwani kuliko wao. Sisi tumekulia Kilifi na Kwale na Mombasa, ambako homa ni malaria hadi ithibitike vingine, kwa hiyo tukimtembelea binti aliyeolewa Nakuru, mtoto akapata joto, tunasema malaria. Mji wa Nakuru uko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na mbu wa malaria hawastawi huko kama kwetu au kama chini kule Marigat. Homa ya mtoto aliyezaliwa na kukaa Nakuru aghalabu ni kitu chengine, na dawa ya malaria itampotezea siku ambazo nimonia au homa ya matumbo itazitumia. Mtoto aliyetoka Mombasa juzi, huyo ni habari nyingine, na ni lazima mumwambie daktari kwamba ametoka pwani. Shirika la Afya Duniani lilielekeza tangu mwaka 2010 kwamba homa ipimwe kwanza ndipo dawa itolewe. Wengi wenu mtakumbuka kwamba mwaka huo huo ndipo zilipoanza kuingia dawa mseto zenye alama ya jani la kijani, kwa bei iliyopendekezwa ya shilingi 40, baada ya miaka ambapo dozi moja ilikuwa mamia ya shilingi. Neema kubwa, maisha yaliokolewa. Lakini dawa ilikuwa rahisi na kipimo hakikuwa dukani, basi watu walimeza bila kupima. Kushuka kwa bei ni nusu ya tiba.

Kuna pia dawa bandia na dawa hafifu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni bandia au haifikii kiwango. Kidonge chaweza kuwa na chaki, au dawa kidogo kuliko iliyoandikwa. Chaweza pia kuwa cha halali kilichoungua juani kwenye buti la gari. Mwanamke nyumbani hawezi kuipima dawa, lakini aweza kukataa iliyotolewa katika mkebe usio na lebo, aweza kutazama tarehe ya mwisho, na aweza kutazama leseni na namba ya usalama ambayo maduka yaliyosajiliwa hutakiwa kuiweka mahali pa kuonekana, na ambayo huhakikiwa kwa ujumbe wa simu. Atazame pia kama aliye nyuma ya kaunta ndiye mwenye jina. Sisi tuliiona fremu, tukaridhika na kioo chake.

Ramadhani ina mashaka yake peke yake. 1×3 maana yake ni kidonge kimoja mara tatu, kwa kugawanya siku nzima, si vitatu pamoja wakati wa futari. Tumekutana na mama aliyemeza vitatu pamoja, na mzee aliyemeza kimoja tu akasema vilivyobaki saumu itamsamehe. Hili halihitaji fatwa kubwa. Mwambie mfamasia au daktari mapema, mwezi wa Shaabani, kwamba unakusudia kufunga. Dawa nyingi zina aina ya mara moja au mara mbili kwa siku, nyingine zaweza kupangwa futari na daku, na nyingine haziwezi, na mwenye hizo Mwenyezi Mungu amempa ruhusa ya kula. Wenye sukari wasijaribu kukisia. Mliosikia kisa cha dada yetu mmeona sukari iliyoshuka inavyofanana na uchovu wa saumu, na inavyofanana na jini kwa wanaopenda majini.

Na watoto wachanga. Dawa ya maji ya mtoto hupimwa kwa mililita na kwa uzito wake, lakini nyumbani kijiko cha chai ni kikubwa kwa huyu na kidogo kwa yule. Ombeni kijiko cha kupimia au bomba lisilo na sindano, na mwonyeshwe mstari. Dawa ya unga inayochanganywa na maji, mwulizeni aichanganye mbele yenu hadi alama, na mwulizeni itakaa siku ngapi. Iliyobaki mwaka jana, imwageni. Tunasema hivi tukijua kwamba kabati la mke wetu, tulipolifungua tuliporudi Mombasa, lilikuwa na chupa nne.

Duka la Bondeni lilifunguliwa tena baada ya wiki kadhaa. Mwenye duka aliuza pikipiki yake, akamwajiri binti mteknolojia wa famasia aliyesajiliwa kwa zamu ya jioni, na mchana huuza tu vitu visivyohitaji cheti. Anasema faida imepungua sana, na hatuna sababu ya kumkadhibisha. Mpwa wake bado yupo, anafagia, anapanga rafu, na ameomba nafasi ya kusomea kazi hiyo. Ada ndiyo kikwazo, na kama kuna msomaji wetu mwenye uwezo, mhariri anajua namna ya kutupata. Yule mama wa pumu na dada yetu wanaamkiana, si zaidi.

Tulikwenda tena Nakuru mwezi wa Mfunguo Tatu, tukatumwa tena vidonge vya presha. Safari hii dada yetu alitupa daftari la shule lenye jalada la samawati, ameandika jina la dawa, kipimo, na jina la daktari, kwa hati yake ya madrasa, herufi kubwa kubwa. Binti wa kaunta alilichukua, akasoma, akatuuliza dawa ni ya nani, ana umri gani, anatumia dawa gani nyingine, na kama miguu inamvimba. Kwa dakika moja tulihisi tumevunjiwa heshima, tukajikumbusha. Tulijibu yote isipokuwa la miguu, ambalo hatukulijua, akampigia simu dada yetu mwenyewe. Mzee mmoja nyuma yetu akaguna kwamba sheikh anachelewesha watu. Tukamwomba radhi, tukasubiri hadi jina la dawa lilipoandikwa juu ya bahasha, ndipo tukampisha.